Mama anavaa baibui jeusi kila siku, ila nguo zangu nyeusi ndizo mkosi

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Tanga. Kwa sasa naishi Dar es Salaam kwa mama mdogo na nafanya kazi kwenye duka la uchapishaji: kadi, mabango, fulana. Harusi ya kaka yangu ni Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mpaka leo sijui kama nitakuwepo.

Tatizo ni nguo. Navaa nyeusi, na nyeusi tu. Sketi ndefu hadi kwenye vifundo, shati pana lisilo na urembo wowote, koti jepesi, mtandio, buti. Wanja nauzidisha kidogo, na nina pete za fedha, moja ina nyoka aliyejizungusha kidoleni. Sivai mafuvu, sivai maandishi, sivai kinachong'aa. Wenyewe mtindo huu wanauita gothiki, ila wangu umepunguzwa mpaka umebaki mkato na rangi. Ulinianza chuoni, mwalimu alipotuonyesha picha za Wajapani wawili, Yohji Yamamoto na Rei Kawakubo, waliopeleka mavazi yao Paris mwaka 1981. Nguo zao zilikuwa pana, nyeusi, nyingine zina matundu, na watu walishindwa kuelewa. Mimi nilielewa palepale.

Nguo zangu ni za mitumba. Nakwenda soko la Karume asubuhi wanapofungua belo, natafuta mkato mzuri, rangi hainisumbui kwa sababu nachovya mwenyewe. Nyeusi ya mtumba huwa imechoka, hii imeelekea kahawia, ile imeelekea kijani. Nachemsha maji kwenye sufuria la zamani, naweka rangi ya unga na chumvi, nageuza kwa mwiko mpaka mkono unachoka, kisha naanika kivulini, ndani nje. Pamba inakunywa rangi, poliesta inaikataa, kwa hiyo mara nyingi nyuzi za mshono zinabaki nyeupe na mistari ya nguo yote inaonekana. Naipenda hivyo hivyo. Mama mdogo analalamika jiko lake linanuka kiwanda, lakini hanikatazi.

Mama ndiye ananikataza. Mwanzoni alikuwa anatania, "Leo tena umefiwa na nani?" Baadaye shangazi akamtumia kwenye WhatsApp sauti ya mtu akisema vijana wanaovaa nyeusi wamejiunga na Frimasoni. Tangu siku hiyo kila akipiga simu lazima aulize kama bado naswali. Naswali, mama mshauri, na mtandio wangu haujawahi kutoka kichwani. Nje nako si salama. Konda mmoja wa daladala la Mbagala alinipigia kelele mlangoni, "Mpisheni mchawi!", abiria wakacheka. Kazini bosi alinitoa kaunta akanipeleka nyuma kwenye mashine, baada ya mteja kuuliza kama duka letu siku hizi linachapa kadi za msiba tu.

Sasa harusi. Upande wetu sare ni kitambaa cha rangi ya chungwa chenye nakshi za dhahabu, kila mmoja anashona kwa fundi wake. Mimi ndiye wifi pekee, kwa hiyo natakiwa nitangulie mbele siku ya kupeleka begi la bibi harusi. Nilimwambia mama nitakuja na gauni jeusi jipya, refu, la heshima kabisa. Akanijibu, "Ukija na sanda yako hiyo, baki huko huko." Kaka naye akanipigia: "Ni siku moja tu, usituaibishe." Neno hilo la kuaibisha bado linaniuma.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mama mwenyewe akitoka anavaa baibui jeusi kuanzia utosini hadi kisiginoni. Shangazi hivyo hivyo. Mtaa mzima wanawake wakitoka ni weusi tupu na hakuna anayewauliza wamefiwa na nani. Mbona lao ni stara, langu ni mkosi? Nilimuuliza mama hivyo, akakata simu.

Nikivaa chungwa najiona mwongo. Nikivaa nyeusi naharibu harusi ya watu. Nimeanza kufikiria nimwambie mama kwamba kazini wameninyima ruhusa, yaishe. Nishauri.

Binti wa Nyeusi, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na pale pa kuchovya nguo nimeparudia kwa raha yangu tu. Mtu anayejua poliesta inakataa rangi hafuati mkumbo. Hii ni kazi ya mikono yako na umeifikiria, na nadhani watu wa kwenu hawajapata nafasi ya kuliona hilo.

Kama nimekuelewa, una kaka anayeoa, mama aliyekuwekea sharti, nafasi ya wifi ambayo hakuna mwingine wa kuijaza, na swali la baibui lililobaki hewani simu ilipokatwa. Nataka nianze na swali hilo.

Kwa hoja, umeshinda. Huwezi kusema nyeusi ni mkosi huku umeivaa kuanzia utosini. Lakini mtu akikosa jibu haina maana kwamba hana sababu, na sababu ya mama yako huenda hata yeye hajawahi kuitamka. Hebu kumbuka shughuli za wanawake huko kwenu. Mlangoni yanafika mabaibui, yote meusi, humjui nani ni nani. Wakishaingia ndani yanavuliwa, yanakunjwa, yanasukumwa kwenye mikoba, na mara chumba kimejaa waridi na kijani na dhahabu, asumini shingoni, hina hadi kwenye viwiko. Baibui ni vazi la njiani. Linavuliwa mbele ya watu wako.

Sasa wewe unafika, wenzio wanavua, wewe huna cha kuvua. Nyeusi yako ya nje ndiyo ya ndani. Najua hukukusudia kumwambia mtu yeyote kitu kibaya, kwako hiyo ndiyo nguo nzuri kuliko zote ulizonazo. Ila inawezekana mama akikuangalia anaona binti aliyefika nyumbani na hajaingia. Inawezekana pia nakisia tu, kwa kuwa mama yako simjui. Ndiyo maana ningependa umuulize upya, safari hii bila kumtajia baibui lake, kwa sababu ukilitaja tu mazungumzo yanageuka kesi. Muulize anaona nini akikuona hivi, kisha unyamaze umsikilize, hata kama atakachosema hakipendezi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawajasimuliwa. Mwambao huu katika karne ya 19 nguo ya mtumwa na ya fukara ilikuwa kaniki, kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi ya nili mpaka kikawa cheusi. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka kwenye kaniki walikimbilia kanga, na kadiri kanga ilivyokuwa na rangi kali ndivyo ilivyopendwa. Kwa bibi wa bibi zetu, rangi ilikuwa njia ya kusema mimi si mali ya mtu. Baibui lenyewe lilienea baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na siku hizo lilikuwa mtindo mpya kama ulivyo wako leo. Kaniki haikupotea, iliendelea kuonekana kwa waganga, pamoja na kitambaa chekundu na cheupe. Mama yako anaweza asiijue historia hii hata kidogo na bado mwili wake ukashtuka akiona binti amejifunika kitambaa cheusi kisicho na ua hata moja.

Na hapo nikuulize kuhusu pete. Umeitaja kwa haraka, lakini mimi nimesimama hapo. Watu wa pwani wanazijua hadithi za pete za majini. Mama wa Tanga akiona nyoka wa fedha kwenye kidole cha mwanawe anayeishi mbali, hawazii mitindo ya Paris. Inawezekana kabisa kwamba hofu yote ya Frimasoni imekaa kwenye kidole kimoja, na nguo zinaadhibiwa bure. Ungeivua pete ile ukienda nyumbani, bila kugusa kitu kingine, ungegundua nini? Sikwambii uivue. Nakwambia hujajaribu kutenganisha vitu, na wala wao hawajatenganisha.

Kuhusu sauti ya shangazi, unaweza kumweleza kwa utulivu ulikotoka mtindo huu, kwa sababu unajulikana. Ulianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa vijana waliokuwa wakifuata bendi kama Bauhaus na Siouxsie and the Banshees. Mwaka 1982 wakapata klabu yao, Batcave, mtaa wa Soho, London. Sehemu ya mavazi waliichota kwenye nguo za msiba za enzi za Malkia Victoria, ambaye alifiwa na mumewe mwaka 1861 akavaa nyeusi hadi alipofariki mwaka 1901. Ni muziki, ni mavazi, ni kupenda vitu vyenye huzuni. Hakuna kiapo wala kadi ya uanachama. Lakini nikutahadharishe: ukiyasema haya, shangazi anaweza kusikia neno msiba peke yake akaondoka nalo.

Ndiyo maana ningeanza na nyeusi ambazo tayari ziko nyumbani kwenu na zina heshima. Kisutu, kanga ya harusi tangu zamani, ina nyeusi pamoja na nyekundu na nyeupe. Piko wanayochorwa maharusi ni nyeusi. Wanja tunawapaka hata vichanga ili kijicho kisiwapate. Huhitaji kuwashawishi watu wa Tanga kwamba nyeusi ni nzuri, wanajua. Bado hawajui wewe unaitumiaje.

Sasa nikuulize wewe. Umesema ukivaa chungwa unajiona mwongo. Nakuamini, na kusema kweli chungwa yenye dhahabu si kila ngozi inaipokea. Lakini uwongo ni kumwambia mtu jambo usiloliamini. Kwenye sare, wifi anasema nini hasa? Anasema mimi ni wa upande huu. Je, hilo huliamini? Nyumbani kwa mama mdogo, ukipika, ukifua, hujifungi kanga? Kama unajifunga, nani alikuambia wakati ule umejisaliti? Yamamoto unayempenda amewahi kusema kwamba nyeusi ni ya unyenyekevu na ya kiburi kwa wakati mmoja. Safari ya Tanga ungependa kubeba ipi? Usinijibu mimi. Na kama jibu ni kiburi, nacho si dhambi, binti wa miaka 26 ana haki ya kuwa nacho kidogo, mradi ajue amekibeba.

Nije kwenye njia ulizoziona. Ya kwanza, kuvaa sare. Hatari yake ni kuivaa kwa uso uliokunjwa, picha zikabaki ukutani miaka yote zikionyesha mtu aliyeburutwa, na wewe ukahesabu kwamba mama anakudai utii kila mara atakapopandisha sauti. Lakini umeandika kwamba kila mmoja anashona kwa fundi wake, ukapita haraka. Hebu rudi hapo. Sare ni kitambaa, mshono ni wako. Kitambaa kile kile kikikatwa kwa mkato wa Yamamoto, kipana, kisicho na rinda wala ushanga, na buti zako zikikaa chini yake pasipoonekana, na piko mikononi, na wanja kama unavyoupaka, huyo atakuwa nani? Mimi namwona wewe. Unaweza usikubaliane, wewe ndiye unayekaa ndani ya nguo.

Ya pili, kwenda na gauni lako jeusi. Wapo watakaokuheshimu kwa msimamo, na baadhi ya mabinti wadogo wa ukoo watakukumbuka. Gharama yake ni kwamba aliyetangulia mbele na begi ndiye wa kwanza kuonekana na watu wa upande wa pili, na siku hiyo itasimuliwa kwa jina lako badala ya la bibi harusi. Huyo bibi harusi, mwanangu, katika barua yako yote hayupo. Ni mgeni anayeingia kwenye familia yenu, na anakuja kuwa wifi yako kwa maisha. Umewahi kumpigia? Yeye akisema "wifi njoo na nguo yako unayoipenda", mama atakuwa kwenye kona nyingine kabisa. Akisema hapana, angalau utakuwa umeisikia kwa mwenye shughuli. Pia usiyatazame maneno ya mama kama amri iliyokwisha kusainiwa. "Baki huko huko" husemwa sana na akina mama ambao hawataki ubaki huko.

Ya tatu, kutokwenda kwa kisingizio cha kazi. Hii nayo unaruhusiwa kuifikiria, mtu akichoka anatafuta mlango. Ila uone inafanya nini. Nafasi ya wifi itabaki wazi mbele ya macho ya watu na mama atalazimika kutunga maelezo. Yule mwenye sauti ya Frimasoni naye atakuwa amepata ushahidi aliokuwa anautafuta. Kaka yako, ambaye neno lake limekuuma, hataambiwa kwamba limekuuma, ataambiwa hukupewa ruhusa. Mimi ningependa alisikie. Kumwambia "ulipotaja aibu niliumia" hakuhitaji kwanza uamue utavaa nini.

Na kuna njia ambayo hukuiandika, ya kutangulia Tanga siku kadhaa kabla. Siku za maandalizi hakuna mwenye sare, wote wamejifunga kanga, wanachambua mchele na kumenya vitunguu, na mengi ambayo hayasemeki kwenye simu husemeka pale kwa sababu mikono ina kazi na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Mama akikuona umekaa kwenye mkeka unaswali na kucheka na shangazi zako, huenda nusu ya hofu ikaisha bila hotuba. Huenda pia isiishe, na siku hizo zikawa ndefu. Unawajua kuliko mimi.

La kazini nitalipita kwa ufupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa mambo kama dini, jinsia na kabila. Mtindo wa mavazi haumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo usiingie kwa bosi na kifungu cha sheria. Ingia na swali: je, kuna utaratibu wa mavazi kaunta, na ungependa uandikwe ili wote waujue? Pia mwambie kama kaunta unaipenda. Pengine anadhani amekupumzisha.

La konda silipiti. Katika nchi hii neno mchawi limeua watu, hasa bibi vizee kule Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya macho mekundu tu. Na hata huko mtindo wako ulikozaliwa, mwaka 2007 msichana wa miaka 20, Sophie Lancaster, alipigwa na vijana kwenye bustani ya umma huko Lancashire mpaka akapoteza maisha, na kosa lake lilikuwa muonekano wake. Miaka sita baadaye polisi wa Greater Manchester wakaanza kuandikisha mashambulizi ya namna hiyo kama uhalifu wa chuki. Sikuambii haya ili uogope kupanda gari. Kicheko cha abiria kinaweza kugeuka, kwa hiyo neno hilo likipigwa kelele tena usibishane mlangoni, shuka, panda jingine, na usiku usirudi peke yako. Mama mdogo naye ajue kilichotokea. Nina wasiwasi mama yako wa Tanga anasikia visa vya namna hii na ndivyo vinavyomnyima usingizi, halafu kwenye simu vinatoka kama ugomvi wa nguo.

Jambo moja la vitendo, uamuzi wowote utakaoufikia. Mafundi kipindi cha Idd hujaa, na baada ya Idd zinakuja harusi za Mfungo Mosi. Kitambaa hicho cha chungwa kichukue sasa, kikae kwako, hata kama mwisho wake hutakishona. Na piko ukiitaka, mwulize mchoraji ameichanganya na nini, kwa sababu wapo wanaotumia rangi ya nywele ya dukani na inaunguza ngozi vibaya. Ukishaongea na bibi harusi niandikie amesemaje.